Kiukanda cha homa: Rangi yake yatoka wapi, nawe ukiamini kwa kiasi gani?

Na MWANDISHI WETU

MSOMAJI mpendwa, hebu vuta picha hii. Ni yapata saa mbili za usiku, mwezi wa Aprili, na mvua imenyesha tangu alasiri. Katika nyumba moja ya mabati karibu na soko la Kamukuywa, kwenye barabara kuu itokayo Webuye kwenda Kitale, mama muuza mboga amempakata mwanawe wa miaka mitatu. Mtoto amekataa uji. Macho yamemlegea, naye ameegemea kifua cha mamake kama gunia tupu.

Mama anakumbuka zawadi iliyo kabatini. Mwaka uliopita dadake anayeishi Uingereza alimletea kiukanda cha plastiki, cheusi, chenye urefu wa kidole, kilichochapwa namba kutoka 35 hadi 40. Aliambiwa akibandike kwenye paji la uso, asubiri kidogo, kisha asome namba iliyogeuka kijani. Anafanya hivyo. Namba 36 inang'aa kama jani la sukuma wiki lililooshwa. Mama anashusha pumzi. Kumbe mtoto hana homa! Labda ni uchovu tu wa kushinda sokoni.

Lakini nyanya, ambaye watoto wa hapa humwita kukhu, hajaridhika. Anatia mkono chini ya shati la mtoto, anagusa tumbo na mgongo kwa upande wa nyuma wa kiganja, kisha anatikisa kichwa. Huyu mtoto anaungua, anasema, na huo mkanda wenu uende ukapime sufuria. Bodaboda inaitwa. Katika kituo cha afya kipimajoto cha kwapani kinaonyesha nyuzi 39. Tone la damu linapimwa, na jibu ni malaria. Kwa kuwa amewahishwa, mtoto anapewa dawa, na baada ya siku nne yuko uani akikimbiza kuku.

Kisa kama hiki hakina nyumba maalumu. Kinaweza kutokea Kamukuywa, Kiminini, Kimilili au Mombasa, popote pale penye mzazi, mtoto mgonjwa na chombo kinachovutia macho kuliko mkono wa bibi. Swali ni hili: je, kile kiukanda kilikuwa bandia? La hasha. Kilifanya kazi yake sawasawa. Kosa lilikuwa katika kuelewa kile kinachopimwa. Na ili tuelewe, yatubidi tujue ndani ya plastiki ile nyeusi mna nini.

KAROTI ILIYOWASHANGAZA WATAALAMU

Kutoka Kamukuywa iko barabara inayopanda kuelekea Kapsokwony, kwenye mitelemko ya Mlima Elgon. Huko ndiko zinakotoka karoti nyingi, kabeji na vitunguu vinavyoteremshwa kwa malori na pikipiki. Mama muuza mboga hangedhani kwamba hadithi ya kiukanda chake ilianza na karoti kama zile alizozipanga juu ya gunia.

Mnamo mwaka wa 1888, mtaalamu wa mimea aitwaye Friedrich Reinitzer alikuwa akifanya utafiti mjini Prague. Alikuwa akichunguza kitu chenye asili moja na mafuta, kiitwacho kolesteroli, ambacho wakati huo kilidhaniwa pia kupatikana katika karoti. Akatengeneza kutokana nacho unga mweupe, akaupasha moto.

Sote tunajua mambo yanavyokwenda jikoni. Ukiweka kipande cha mafuta ya kupikia kwenye sufuria, huyeyuka kikawa majimaji maangavu, basi. Unga wa Reinitzer ulikataa kufuata desturi hiyo. Ulipofika nyuzi 145.5 uliyeyuka, lakini ukawa majimaji mazito yenye ukungu kama maji ya kuoshea mchele. Aliendelea kuupasha moto, na ulipofika nyuzi 178.5, ule ukungu ukatoweka ghafla na majimaji yakawa maangavu. Alipoupoza, alishuhudia rangi za samawati na urujuani zikipita na kutoweka.

Kitu kimoja, viwango viwili vya kuyeyuka! Reinitzer alimwandikia Mjerumani mmoja, Otto Lehmann, aliyekuwa bingwa wa kutazama vitu vinavyoyeyuka kwa hadubini. Lehmann alitazama, akaona majimaji yenye tabia ya fuwele. Hivyo likapatikana jina ambalo mpaka leo huwatatiza wengi: fuwele za majimaji.

MSAFARA WA ALFAJIRI

Fuwele ni kitu kigumu ambacho chembe zake zimepangika, kama vile chumvi ya mawe au sukari. Majimaji nayo ni kitu ambacho chembe zake zimetawanyika na kuteleza ovyo. Itawezekanaje kitu kuwa vyote viwili?

Mkaazi wa Bungoma hahitaji kwenda mbali kupata jibu. Fikiria wanafunzi wakiwa kwenye gwaride la asubuhi. Kila mmoja yuko mahali pake, mstari ni mstari, hakuna anayesogea. Hiyo ndiyo fuwele. Kengele ya mapumziko inapolia, wote wanatawanyika uwanjani, huyu anaelekea huku na yule kule. Hayo ndiyo majimaji.

Sasa fikiria Agosti ya mwaka wa tohara, ambao kwa Wabukusu ni mwaka unaogawika kwa mbili. Alfajiri, kijana anatolewa mtoni akiwa amepakwa matope, na umati unamsindikiza nyumbani kwa nyimbo. Katika umati ule hakuna mtu mwenye nafasi maalumu. Wengine wanatangulia, wengine wanabaki nyuma, watu wanapishana. Hata hivyo, wote wameelekeza nyuso upande mmoja. Wanatiririka kama maji lakini wana mwelekeo kama gwaride. Hiyo, ndugu msomaji, ndiyo fuwele ya majimaji.

Chembe zake, ziitwazo molekuli, huwa nyembamba na ndefu kama njiti za kiberiti, ndiyo maana zinaweza kuelekea upande mmoja. Joto likizidi, kila njiti hurukaruka na mwelekeo hupotea. Badiliko hilo la kutoka hali moja hadi nyingine halitokei polepole tu bila mpaka. Lina kiwango chake maalumu cha joto, kama vile maji yanavyochemka kwa kiwango chake. Hapo ndipo ilipo siri yote.

MHARAGWE UNA MKONO WAKE

Kuna jambo jingine kuhusu unga ule wa Reinitzer. Molekuli zake zina mkono.

Usishangae. Tazama ndara zako mlangoni. Ya kulia na ya kushoto zimefanana kama mtu na sura yake kwenye kioo, lakini huwezi kuvaa ya kulia kwenye mguu wa kushoto ukastarehe. Kitu cha namna hiyo, ambacho hakiwezi kulingana na taswira yake ya kiooni, wanasayansi hukiita kairali.

Nenda shambani ukaone mfano ulio bora zaidi. Mahali ambapo maharagwe ya kutambaa yamepandwa pamoja na mahindi, chunguza jinsi mharagwe unavyoupanda mhindi. Ukitazama kutoka juu, utauona unazunguka kinyume cha mwendo wa mishale ya saa. Nenda kwenye mhindi wa pili, wa kumi, wa mia, utakuta ni vivyo hivyo. Hata ukiufungua kwa mkono na kuuzungusha upande mwingine, ncha yake mpya itarudia njia yake ya asili. Mharagwe una mkono mmoja tu.

Molekuli zenye mkono zinapokuwa fuwele za majimaji, hazikubali kulala sambamba kabisa. Kila tabaka hugeuka kidogo kuliko lile lililo chini yake, na linalofuata vivyo hivyo, mpaka zikafanya msokoto kama ngazi ya kuzunguka. Mzunguko mmoja kamili wa ngazi hiyo unaweza kuwa mfupi kiasi kwamba katika unene wa unywele mmoja wa kichwa mtapata mizunguko kama 200.

Urefu huo ndio unaolingana na mawimbi ya mwanga. Kwa hiyo msokoto mrefu hurudisha mwanga mwekundu, wa kadiri hurudisha wa kijani, na mfupi hurudisha wa samawati. Hakuna rangi iliyotiwa humo, wala wino. Ni mpangilio tu unaochagua mwanga wa kurudisha, na ile plastiki nyeusi nyuma yake humeza mwanga uliosalia ili jicho lisichanganyikiwe.

Joto likipanda, katika mchanganyiko wa aina hii msokoto hukaza na kuwa mfupi. Rangi hutoka nyekundu, ikawa kijani, kisha samawati, halafu molekuli zinapopoteza mpangilio kabisa, weusi unarudi. Katika kila dirisha la kiukanda hutiwa mchanganyiko wa kipimo tofauti, kwenye matone madogo yaliyofunikwa ili yasikauke wala kuchafuka, ili dirisha la 36 liwe kijani kwa nyuzi 36 na la 39 kwa nyuzi 39. Mmarekani James Fergason ndiye mmoja wa waliotangulia, katika miaka ya 1950 na 1960, kuonyesha kwamba rangi hizi zinaweza kutumika kupimia joto.

KWA NINI BASI KILIPOTOSHA?

Kiukanda hakina macho ya kuona ndani ya mwili. Kinajua joto la ngozi ya paji la uso pekee, na tena kwa dakika ile ile.

Mtoto wetu alikuwa ameketi penye upepo wa mvua, na jasho lilikuwa likikauka usoni. Jasho linapokauka huondoka na joto. Isitoshe, homa inapoanza kupanda, mwili huifinya mishipa midogo ya ngozi ili joto libaki ndani. Ndiyo maana mtu mwenye malaria hutetemeka akidai blanketi hali damu yake inachemka. Wakati huo ngozi ya paji inaweza kuwa baridi ilhali kifua kinaungua. Kiukanda kilipoulizwa kuhusu ngozi, kilijibu kuhusu ngozi. Mama ndiye aliyelichukua jibu hilo kuwa la mwili mzima.

Si ajabu basi kwamba hata huko Uingereza, miongozo rasmi ya kuwahudumia watoto wa chini ya miaka mitano wenye homa inawaambia wahudumu wa afya wasitumie vipimo hivi vya paji la uso, kwa kuwa havitegemeki.

Na kukhu je? Hapa pana jambo la kuwafurahisha nyanya wote. Katika mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unaotumiwa katika vituo vya afya kwa watoto wa umri huu, mtoto huhesabiwa kuwa na homa ikiwa kipimajoto cha kwapani kinaonyesha nyuzi 37.5 au zaidi, au akiguswa mwili ni moto, au ikiwa mzazi anaeleza kwamba amekuwa na homa. Mkono wa kukhu umo katika kitabu cha daktari!

Hii haina maana kwamba mkono ni kipimajoto. Mkono unaweza kukosea vilevile, hasa ukitoka kufua kwa maji baridi. Maana yake ni kwamba mzazi akisema mtoto amekuwa moto, asipuuzwe, na yeye mwenyewe asijipuuze.

KIOO CHA SIMU YAKO NI NDUGU YAKE

Ukitembea mbele kidogo sokoni utakuta fundi wa simu na meza yake. Muulize kuhusu zile simu ndogo za vitufe, ziitwazo kabambe. Atakuambia kwamba zikisahauliwa juu ya dashibodi ya matatu juani, kioo huweza kuwa cheusi kote, na zikipoa kivulini maandishi hurudi kana kwamba hakuna lililotokea. Wengine hudhani simu imeharibika au imerogwa. Wala! Ni yale yale ya karoti za Reinitzer. Fuwele za majimaji zilizo ndani ya kioo zimevuka mpaka wa joto, zikapoteza mwelekeo, na zikipoa zinaupata tena.

Vioo vya kwanza vya namna hii vilikuwa na tatizo hilo kwa kiasi kikubwa. Mwaka wa 1973, George Gray na wenzake katika Chuo Kikuu cha Hull, Uingereza, walitangaza molekuli mpya iliyo imara, ambayo hubaki katika hali ya fuwele za majimaji kuanzia nyuzi kama 24 hadi 35. Ilikuwa hatua kubwa, lakini fikiria saa yenye kioo kama hicho Lodwar mchana! Dawa ilikuwa kuchanganya molekuli kadhaa, kama mpishi achanganyavyo viungo, mpaka ukapatikana mchanganyiko unaostahimili baridi ya chini ya sufuri na joto la karibu nyuzi 60.

NGUO KWENYE KAMBA

Kufikia hapa tumezungumzia molekuli zinazoogelea kila moja peke yake. Lakini wanakemia walijiuliza: je, tukizifunga pamoja? Maana majimaji yana usumbufu wake. Yanavuja, na rangi haitulii.

Polima ni mnyororo mrefu wa molekuli zilizoshikana, kama uzi wa shanga. Plastiki ya mfuko wa unga ni polima, na nailoni ya kamba ya ng'ombe ni polima. Mwaka wa 1978, mjini Mainz, Ujerumani, Helmut Finkelmann, Helmut Ringsdorf na Joachim Wendorff walieleza njia ya kuzining'iniza zile njiti ubavuni mwa mnyororo. Huko Moscow nako, Valery Shibaev na Nikolai Platé walikuwa wakifanya kazi ya namna hiyo hiyo.

Picha yake ni kamba ya kuanikia nguo. Ukizishona nguo moja kwa moja kwenye kamba, kila kamba inapoyumba nguo nazo hukunjwakunjwa. Lakini ukifunga kila nguo kwa kijikamba kifupi, kamba kuu inaweza kuyumba itakavyo, na nguo zikabaki zimening'inia upande mmoja. Hicho kijikamba ndicho kilichokuwa ufunguo. Kinaipa njiti uhuru wa kujipanga na jirani zake bila kuburutwa na mnyororo.

Njiti hizo zikiwa na mkono, kwa mfano vipande vya kolesteroli, polima nzima hujisokota na kutoa rangi. Na ukiipasha moto, inapita katika hali mbalimbali kama mtu apandaye ngazi. Kwanza ni ngumu kama kioo cha dirisha. Joto likifika kiwango fulani, minyororo inalegea ikawa kama mpira. Katika aina nyingi, njiti hujipanga kwa tabaka, kama sahani kabatini, na penye mkono huweza kuinama, huku mwinamo ukigeuka kidogo kutoka tabaka moja hadi jingine. Robert Meyer wa Marekani na wenzake walionyesha mwaka wa 1975 kwamba tabaka kama hizo, katika fuwele za kawaida zisizo polima, hubeba umeme wake zenyewe. Joto likizidi, tabaka zinavunjika na kubaki msokoto wenye rangi. Likizidi tena, msokoto nao unafunguka na yote kuwa majimaji maangavu. Si kila polima hupitia ngazi zote, kwani urefu wa mnyororo, wa kijikamba na umbo la njiti huamua ni ngazi zipi zitakuwepo.

Faida ya minyororo ni kwamba inakwenda taratibu. Ukiifikisha polima kwenye joto la rangi ya kijani, kisha ukaipoza haraka mpaka ikawa ngumu kama kioo, msokoto hauwahi kubadilika. Ile rangi inafungiwa humo. Njia nyingine ni kuzifunga kamba zenyewe kwa zenyewe kwa viungo vya kemia ili zisisogee tena. Kwa ufundi huo zimetengenezwa rangi za kupaka magari zinazobadilika ukizitazama kutoka pembeni, na alama za kutambulisha hati na bidhaa halisi, jambo ambalo ni vigumu kwa mwigaji kulinakili kwa mashine ya kutoa nakala.

KUTOKA WEBUYE HADI MSITUNI

Usidhani mambo haya ni ya Ulaya tu. Kwa miaka mingi abiria aliyepita Webuye aliijua harufu ya kiwanda cha karatasi, Pan Paper, kilichoanza kazi katika miaka ya 1970 na kufunga milango mwaka wa 2009, jambo lililoziacha familia nyingi za eneo hili bila riziki. Kiini cha karatasi ni selulosi, polima inayotengenezwa na kila mti na kila jani. Na selulosi ina mkono!

Mwaka wa 1976, huko Chuo Kikuu cha McGill, Kanada, Werbowyj na Gray walitangaza kwamba selulosi iliyoongezewa vining'inio vidogo ubavuni, ikikorogwa kwa maji machache mpaka ikawa nzito, hujisokota na kung'aa kwa rangi. Selulosi ya aina hiyo haina sumu, na hutumiwa hata kushikanisha unga wa vidonge vya dawa. Baadaye ilibainika kwamba chembe ndogo sana za selulosi ya kawaida nazo hufanya vivyo hivyo. Hebu fikiri, mti ule ule uliotoa daftari la mtoto ungeweza kutoa karatasi yenye rangi isiyohitaji wino.

Mimea yenyewe ilikwisha kulijua jambo hilo. Katika misitu ya Afrika mna mmea mdogo uitwao kitaalamu Pollia condensata, wenye matunda ya samawati yanayometameta kama chuma kilichosuguliwa. Mwaka wa 2012 Silvia Vignolini, Beverley Glover na wenzao wa Cambridge walieleza kwamba tunda hilo halina rangi ya samawati ndani yake. Selulosi ya ganda lake imesokotwa kwa tabaka, katika seli nyingine kwa mkono wa kulia na nyingine kwa mkono wa kushoto. Tunda lililochumwa Ghana mwaka wa 1974 na kuhifadhiwa Uingereza lilikuwa bado linang'aa, maana hakuna wino wa kupauka.

RANGI INAYORUDI NA ISIYORUDI

Mzazi aliyepeleka mtoto kuchanjwa ameona pengine kibandiko kidogo kwenye chupa ya chanjo ya polio: duara lenye mraba mweupe katikati. Kilianza kutumika kwa chanjo hiyo mwaka wa 1996. Chanjo ikikaa kwenye joto, mraba unakoza rangi, na ukilingana na duara chanjo haitumiwi tena.

Hapa iko tofauti ambayo kila mama anafaa kuijua. Kiukanda cha homa hubadili hali tu, kwa hiyo kikipoa kinarudi kilivyokuwa, kama kioo cha simu kivulini. Hakikumbuki jana. Kile cha chanjo hubadilika kwa kemia, molekuli zikishikana kuwa polima, na hata ukikitia kwenye barafu hakirudi. Kinakumbuka joto lote lililopita. Kimoja hueleza sasa hivi, kingine hueleza historia. Ukivichanganya utapotea.

MTOTO MCHANGA NA BARIDI YA ELGON

Hata hivyo, tusikitupe kiukanda jalalani. Iko kazi moja ambayo ndugu yake ameifanya vizuri.

Wengi wetu tunaogopa joto la mtoto na kusahau baridi. Kwa mtoto aliyezaliwa karibuni, hasa aliyezaliwa kabla ya siku zake, baridi ni adui mkubwa. Joto linalofaa ni nyuzi 36.5 hadi 37.5. Likishuka chini ya 36.5, mtoto ameanza kupoa. Likishuka chini ya 35.5, hiyo ni dalili ya hatari inayohitaji hospitali bila kusubiri asubuhi. Na katika nyanda hizi za chini ya Mlima Elgon, usiku wa mvua hauna huruma.

Daktari David Morley, Mwingereza aliyefanya kazi Nigeria na ambaye kadi ya kupima ukuaji wa mtoto inatokana na juhudi zake, alikitetea kibandiko kidogo cha fuwele za majimaji kiitwacho ThermoSpot. Kinabandikwa kwenye ngozi ya mwili wa mtoto, kikafunikwa na nguo. Mtoto akiwa na joto zuri, kinaonyesha uso wa kijani unaotabasamu. Akipoa, uso unatoweka na kibandiko kinakuwa cheusi. Hakina betri, hakina zebaki, na hata mama asiyejua kusoma anakielewa. Huko Malawi kimejaribiwa kwa watoto wenye utapiamlo mkali.

Mbona hiki kifae na kile kikosee? Sababu ni mahali. Kibandiko kilicho chini ya nguo, kwenye kiwiliwili, hakipigwi na upepo, na kinakaa muda mrefu, si dakika moja. Fuwele ni zile zile, lakini swali wanaloulizwa ni jingine.

Na uso ukiwa mweusi? Dawa ya kwanza haiuzwi dukani. Mvue mtoto, mbakishie kofia na nepi, mlaze kifuani pako ngozi kwa ngozi, kisha mfunike kwa leso na blanketi. Njia hii ilianza kutumiwa mjini Bogotá, Kolombia, mwaka wa 1978, na leo inapendekezwa duniani kote. Mnyonyeshe, kisha mfikishe kwa mhudumu wa afya akiwa hapo hapo kifuani.

LA KUZINGATIA NYUMBANI

Ikiwa unacho kiukanda cha paji la uso, kichukue kama jirani mwenye habari za kusikia. Kikisema mtoto ana homa, msikilize. Kikisema hana, nawe unamwona amelegea, usikiamini. Tafuta kipimajoto cha kwapani. Vile vya zebaki vinazidi kuondolewa kwa sababu ya sumu yake, baada ya Mkataba wa Minamata wa 2013, hivyo cha betri ndicho kilicho rahisi kupatikana. Kiweke kwapani, bana mkono wa mtoto, ngoja mpaka kilie.

La muhimu zaidi, usiitazame namba ukasahau mtoto. Mtoto asiyeweza kunywa au kunyonya, anayetapika kila kitu, aliyepatwa na degedege, au aliyelegea mpaka haamki sawasawa, anahitaji kupelekwa hospitali mara moja, hata kama kila chombo nyumbani kinaonyesha kijani. Katika sehemu hizi zenye malaria, homa ya mtoto ipimwe damu, isikisiwe. Usimpe mabaki ya dawa ya mwaka jana. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na ufa wa homa hupanuka kwa saa, si kwa siku.

Yule mama muuza mboga wa hadithi yetu hakukitupa kiukanda chake. Alikirudisha kabatini karibu na kipimajoto kipya cha betri. Watoto hukiomba siku moja moja, wakakibandika kwenye kikombe cha maji ya vuguvugu wapate kuona nyekundu ikiwa kijani na kijani ikiwa samawati. Kwa kazi hiyo hakina mpinzani.

Lakini usiku mtoto akikohoa au kulia, mkono wa kwanza kutiwa chini ya shati ni ule wa kukhu.